Jinsi ya kujitengenezea rifarensi ya volti 5 na volti 10 ya kukagulia mita zako

Chukua betri ya solar ya volti 12, iache itulie usiku kucha bila chaji wala mzigo, asubuhi ipime na mita tatu tofauti. Mimi kwangu nilipata 12.71, 12.58 na 12.46. Betri ni moja, sasa nani kati yao anasema kweli? Fundi redio anaweza akasema ah robo volti kitu gani bwana, lakini kwa betri ya asidi robo volti ni habari nyingine kabisa, maana 12.7 ni betri imejaa na 12.2 ni betri iko nusu, kwa hiyo mita moja inaniambia betri nzima, nyingine inaniambia kama robo ya chaji imeshaondoka, na mwenye betri amesimama hapo anasubiri nimwambie kama anunue mpya au asinunue. Kwa seli za lithiamu ndo mbaya zaidi, mwisho wa kuchaji ni 4.20 kwa seli, mita ikisoma chini asilimia moja tu wewe ushafika 4.24 na unajiona uko salama.

Mganga hajigangi, na mita nayo haijipimi. Inahitaji kitu cha nje ambacho volteji yake unaijua. Hicho kitu ndo kinaitwa rifarensi, na ndo nakuonyesha hapa, vifaa vyake ni vichache na ukiwa navyo mkononi ni kazi ya jioni moja.

Kwanza nikusimulie nilivyoharibu, ili usipite njia hiyo hiyo. Nilikuwa na ile mita ya njano, DT830, hakuna fundi asiyeijua. Nikaona inasoma juu kidogo ukilinganisha na ya jamaa yangu, nikaifungua, ndani kuna katrima kamoja (karezista ka kurekebishia), nikakazungusha na bisibisi mpaka zikasoma sawa, nikafunga, nikatembea kifua mbele. Baada ya wiki kama mbili alama ya betri ikatokea kwenye kioo, nikaweka betri mpya ya volti 9, maisha yakaendelea. Kumbe ile mita ilikuwa inasoma juu kwa sababu betri yake ilikuwa inakufa! Mimi nikairekebisha kwa kosa la betri, betri mpya ilipoingia mita ikawa inasoma CHINI kama asilimia 2. Sasa nikaenda kufunga pawasaplai ya kamera za dukani kwa mtu, zile zenye kiskrubu cha kurekebisha pembeni ya terminali, nikaiweka 13.8 kwa ajili ya betri ya jeli ya akiba. Mita inasema 13.8, ukweli ni 14.1, na ile inakaa kwenye betri saa 24 kila siku. Miezi kadhaa mbele napigiwa simu, fundi njoo uone betri yako imekuwa na tumbo. Nikalipa mfukoni.

Na sababu ni rahisi tu ukishaijua. Mita za aina hiyo ndani zina chipu ya familia ya 7106, na hiyo chipu haipimi volti kama volti, inalinganisha unachopima na rifarensi yake ya ndani ya milivolti 100. Namba unayoiona kwenye kioo ni 1000 mara kinachoingia, gawanya kwa hiyo rifarensi. Betri ya mita ikichoka, rifarensi ya ndani inashuka, na kigawanyo kikishuka jibu linapanda. Ikishuka kutoka 100 hadi 98 basi kila kitu kinasomeka asilimia 2 juu. Kwa hiyo kabla hujailaumu mita yoyote ya bei chee, badilisha betri yake kwanza. Hii peke yake inamaliza nusu ya malalamiko.

Unachotengeneza ni nini hasa

Watu wengi wanakosea hapa. Usahihi hautengenezwi na chuma cha solda. Huwezi kukaa nyumbani ukaunganisha rezista na waya ukapata volti 5 kamili kutoka hewani, lazima huo ukamilifu utoke mahali: ama umeununua ndani ya chipu iliyorekebishwa kiwandani, ama umeuazima kwa mtu mwenye mita nzuri kuliko yako. Kazi yako wewe ni kuutunza usipotee, yaani kutengeneza kitu kisichobadilika leo, kesho na mwezi ujao. Kitu kinachotoa 5.013 kila siku bila kuyumba kina thamani kuliko kinachotoa 5.000 leo na 4.98 jua likiwaka.

Zamani kazi hii ilifanywa na chupa. Kuna seli ya Weston, aliibuni Edward Weston mwaka 1893, kioo chenye umbo la herufi H, ndani zebaki na kadimi, inatoa volti 1.018 na kitu. Kuanzia 1911 ndo ilikuwa kipimo cha dunia, maabara zilikuwa zinazitunza kama mayai, huruhusiwi kuipindua wala kuivuta mkondo. Mwaka 1990 dunia ikahamia kwenye vifaa vya Josephson vinavyogeuza masafa ya mawimbi kuwa volti, ambavyo vinafanya kazi kwenye baridi kali mno. Mimi na wewe hatufiki huko, ila wazo ni lile lile: kitu kimoja kimetulia, vingine vyote vinalinganishwa nacho.

Sasa vitu ambavyo watu wanavitumia na SIYO rifarensi. 7805 (chipu ya kawaida ya kutoa volti 5) siyo, karatasi yake ya kiwandani yenyewe inaruhusu kuanzia 4.8 hadi 5.2. Chaja ya USB siyo, inaruhusiwa 4.75 hadi 5.25. Betri mpya ya saa ya ukutani siyo, mpya inaweza ikawa 1.5 au ikawa 1.65 inategemea kampuni na imekaa dukani muda gani. Nimeshaona muuza mita anamhakikishia mteja mita nzima kwa kuchomeka betri mpya, "unaona, 1.6, iko poa", na mteja anaondoka na furaha yake. Zena (dayodi ya kushikilia volti) ya kawaida nayo siyo, inatembea na mkondo na joto.

Chipu

Mimi nilitumia LM4040 ya volti 5, mbili. Hii ni kama zena lakini imesomeshwa. Ina miguu miwili inayofanya kazi, unaipa mkondo kidogo kupitia rezista, na yenyewe inashikilia volti 5. Zipo za gredi tofauti na hapo ndo pa kuwa macho: A ni asilimia 0.1, B 0.2, C 0.5, D ni 1. Muonekano ni ule ule, bei ndo inatofautiana. Unataka A. D haina maana kwa kazi hii labda kama utaipima kwanza mahali, nitarudi hapo.

Kariakoo nilizunguka sana, kila duka wananipa 7805 wananiambia ni kitu kimoja. Siyo kitu kimoja. Ukipata mtu anaagiza kutoka nje kwa wauzaji wanaoeleweka kama Mouser au Digi-Key mchangie oda, maana chipu ni nafuu lakini usafiri unauma ukiagiza peke yako. Za bei ya kutupa mtandaoni nazogopa kidogo, kufuta maandishi na kuandika A juu ya D ni kazi ya dakika moja na huwezi kujua kwa macho.

Kwa nini mbili? Ukiziunganisha moja juu ya nyingine unapata volti 5 katikati na volti 10 juu, bila kugawanya kwa rezista. Na faida ya pili ni kubwa kuliko hiyo, utaiona kwenye kupima.

Kuunganisha

Unahitaji betri mbili za volti 9, rezista moja ya kilo-omu 3.3, hizo chipu mbili, swichi ya kubonyeza (ile ukiachia inakata), soketi za banana nne, na kabodi kadogo ka kusoldia. Ukitaka na volti 1 ongeza rezista tano za kilo-omu 1. Boksi lolote, mimi yangu imekaa kwenye kopo la Blue Band na haijawahi kulalamika.

Betri mbili ziunganishe kwa mfuatano upate 18. Pozitivu ya 18 iende kwenye swichi, kutoka kwenye swichi iende kwenye ile rezista ya 3.3k, mwisho wa rezista uende kwenye kathodi (mguu wa upande wa pozitivu) ya chipu ya juu, hapo ndo soketi ya volti 10. Anodi (mguu wa upande wa negativu) ya chipu ya juu na kathodi ya chipu ya chini zikutane, hapo soketi ya volti 5. Anodi ya chipu ya chini iende kwenye negativu ya betri, hiyo ni soketi ya sifuri. Basi. Kapasita haihitaji, LM4040 inatulia bila kapasita, na hata ukiweka haigombi.

Rezista tano za volti 1 zipange kwa mstari kutoka soketi ya volti 5 hadi sifuri, na volti 1 uichukue juu ya ile ya mwisho upande wa sifuri. Ukipata za asilimia 0.1 vizuri. Ukikosa, nunua za asilimia 1 za kwenye utepe mmoja hata thelathini hivi, zipime omu moja moja, chagua tano zinazosoma sawa kabisa. Hapa hata kama mita yako inadanganya omu haina shida, itazidanganya zote tano sawasawa, na sisi tunachotaka ni zilingane, siyo ziwe 1000 kamili.

Hesabu ya 3.3k imetoka hivi. Betri zikiwa 18, zinazobaki juu ya rezista ni 8, kwa hiyo mkondo ni kama miliampia 2.4. Mnyororo wa rezista tano unakula miliampia 1 kutoka volti 5, chipu ya chini inabaki na 1.4. Betri zikichoka hadi 15, mkondo wote ni 1.5, chipu ya chini inabaki na 0.5, na yenyewe inaridhika hata na chini ya 0.1. Kwa hiyo kati ya 18 na 15 volteji inasogea chini ya milivolti moja kwa kila chipu. Ndo maana nasema 15 ndo mwisho, usisubiri zife.

Miguu ya LM4040 ile ya plastiki ya miguu mitatu, mguu mmoja haufanyi kazi, angalia karatasi ya kampuni uliyonunua usikariri kutoka kwenye picha ya mtu. Ile ndogo ya kubandika, mguu wa tatu uache hewani au uunganishe na anodi ya chipu hiyo hiyo. Ukikosea ukaigeuza haifi, kwa mkondo mdogo hivi inakuwa tu kama dayodi ya kawaida, mita itakuonyesha kama 0.7 badala ya 5. Mimi ya juu niliigeuza mara ya kwanza, nikaona 5.7 kwenye soketi ya 10, nikakaa kama dakika tano nafikiri chipu ni feki kabla sijaitazama vizuri.

Solda haraka haraka, usiipike chipu. Ukimaliza futa mafuta ya solda na spiriti, halafu iache imewaka siku mbili tatu kwenye adapta ya volti 18 kama unayo, chipu zinasogea kidogo mwanzoni halafu zinatulia. Karatasi ya LM4040 inataja sehemu 120 kwa milioni kwa saa 1000, ambayo kwa volti 5 ni kama nusu milivolti, kwa mita za kawaida huwezi hata kuiona.

Kupima, kabla hujagusa trima

Hapa ndo utamu wenyewe. Weka betri mpya kwenye mita. Gusanisha proubu zake, lazima isome sifuri. Isiposoma sifuri hiyo mita ina shida nyingine, usiendelee.

Weka renji ya 20. Pima sifuri hadi 5, andika. Pima 5 hadi 10, yaani chipu ya juu peke yake, andika. Pima sifuri hadi 10, andika. Halafu geuza proubu upime 5 kwa kinyume, andika. Mita yangu ya njano ilitoa 5.02, 5.02, 10.04 na −5.02.

Angalia hapo, bila kujua ukweli wowote wa nje nimeshajua mambo mawili. Namba mbili za mwanzo zikijumlishwa lazima zitoe ya tatu, zikipishana zaidi ya tarakimu moja ya mwisho basi mita haiko sawasawa kwenye mstari wake, inapinda, na hakuna trima itakayokusaidia. Na chanya ikipishana sana na hasi, vilevile. Hii hesabu ya kujumlisha ndo sababu niliyokwambia utumie chipu mbili, inakukagulia mita hata kama chipu zenyewe siyo volti 5 kamili.

La pili, tazama kosa linakuaje. Kwangu ni 0.02 kwenye 5 na 0.04 kwenye 10, linakua na volti, yaani asilimia ni ile ile 0.4. Hilo ndo kosa la trima. Ingekuwa 0.03 kwenye 5 na 0.03 kwenye 10, kosa limeganda halikui, hilo ni la sifuri, ukizungusha trima utapata 10 sahihi na 1 mbovu.

Halafu swali gumu: je, mita kweli ni mbovu au iko ndani ya ahadi yake? Karatasi ya DT830 kwenye volti za DC kwa kawaida inasema asilimia 0.5 na tarakimu 2. Kwa volti 10 kwenye renji ya 20 hiyo ni milivolti 50 jumlisha 20, jumla 70. Kwa hiyo kusoma 10.04 ni mita nzima kabisa, haijavunja ahadi! Unaweza kuiboresha ukitaka, lakini usimtukane mtengenezaji.

Na rifarensi yako? Gredi A ni milivolti 5 juu au chini kwa volti 5, na mbili juu ya nyingine ni 10 ikiwa zote zimekosea upande mmoja. Joto nalo linaongeza, karatasi inasema hadi sehemu 100 kwa milioni kwa kila digrii, ingawa nyingi ni nzuri kuliko hapo. Tuseme umetoka 25 asubuhi ukafika 35 mchana chini ya bati, kwa ubaya wote ni milivolti 5 nyingine kwa kila chipu. Kwa hiyo usiipime juani na usiishike chipu kwa vidole. Ukipima ndani, asubuhi, rifarensi yako kwenye volti 10 ni bora mara saba hivi kuliko ahadi ya mita, na kawaida wanataka angalau mara nne. Lakini kwa mita kubwa za kaunti 20,000 (yaani hatua 20,000 kwenye kioo) zenye ahadi ya asilimia 0.1 au chini yake, hii boksi HAITOSHI. Mwenye mita ya hivyo akikuletea umrekebishie na kopo lako la Blue Band, mrudishie.

Kwenye soketi ya volti 1 kuna mtego. Mita ya njano ndani yake ina megaomu 1, inakula kidogo kile inachopima. Soketi za 5 na 10 hazijali kwa sababu chipu inashikilia, lakini soketi ya volti 1 nyuma yake kuna kama omu 800 za mnyororo, kwa hiyo inashuka asilimia 0.08, na kwenye renji ya 2000 milivolti unaweza kuona 999. Siyo kosa la mita. Kwa mita za megaomu 10 hutaona kitu. Na ndo maana sikukushauri ugawanye na rezista za kilo-omu 10, kuna jamaa alifanya hivyo kupata 2.5 kutoka kwenye 5, mita ikasoma asilimia nusu chini, akairekebisha mita.

Kuzungusha

Ukishaamua kurekebisha, toa proubu kwenye kila kitu, fungua mfuniko. Kwenye mita hizi za bei ndogo trima huwa ni moja. Ukikuta mbili tatu, simama, tafuta ya DC ni ipi, usizungushe kwa kubahatisha, na weka alama ya kalamu ilipo kabla hujagusa. Bisibisi iwe ya plastiki au kijiti ulichochonga, ya chuma inaweza kusumbua namba. Renji 20, proubu kwenye sifuri na 10, bonyeza swichi, subiri itulie, zungusha kidogo sana, kama upana wa unywele, acha, subiri, tazama. Mimi nazungusha mpaka namba inachezacheza kati ya mbili, kwa mfano kama rifarensi yangu ni 10.005 naiacha icheze kati ya 10.00 na 10.01.

Rudia zile nne: 5, 5, 10, −5. Halafu rudia na mfuniko umefungwa, kuna mita zinasogea ukikaza skrubu. Na usije ukapima umeme wa ukutani mita ikiwa wazi, hata kidogo, hata "sekunde moja tu".

Ujue pia ulichorekebisha ni DC tu kwa renji ulizopima. Volti 200 na 1000 zina rezista zao za kugawanya, ampia 10 ina waya wake, AC ina njia yake. Boksi hili halijui habari zao.

Kupata namba ya kweli

Ukitaka kutoka kwenye "asilimia 0.1 kwa ahadi ya kiwanda" uende mbali zaidi, tafuta mtu mwenye mita ya mezani ya tarakimu sita na nusu (inayosoma kwa undani sana). Vyuo vya ufundi na vyuo vikuu vingine vinazo maabara, ongea vizuri na mtu wa maabara, ni kazi ya dakika kumi. Njia rasmi ni maabara za TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya, wanapima vifaa vya umeme kwa malipo na unapewa cheti, wenyewe kazi hiyo wanaiita ugezi. Kwa boksi la kopo sidhani kama utataka kulipia cheti, lakini kama una mita moja nzuri ya ofisini, ipeleke hiyo, halafu boksi lako ulipime na hiyo.

Ukipata namba andika kwenye stika: 5.0021, 10.0034, tarehe, na joto la chumba. Usiandike 5.000 kwa sababu inapendeza. Rifarensi ikiwa 5.0021 ndo jina lake hilo.

Na hapa ndo gredi D, au hata TL431 (chipu nyingine ya rifarensi, ya volti 2.5 hivi), zinarudi mchezoni. TL431 iko kwenye karibu kila pawasaplai na chaja nyingi zilizokufa, inafanana na transista, iko jirani na optokapla (kachipu ka miguu minne hivi kanakopitisha ishara kwa mwanga). Ukiitazama uso wa bapa, miguu chini, kushoto ni rifarensi, katikati anodi, kulia kathodi. Unganisha rifarensi na kathodi, rezista ya 2.2k kutoka kwenye betri ya volti 9, anodi kwenye negativu, unapata 2.5 hivi. "Hivi" kwa sababu ya kawaida ni asilimia 2, inaweza kuwa 2.445 au 2.545, kwa kurekebishia mita haifai. Ila ukiipima mara moja kwenye mita nzuri ikasema 2.487, ukaandika 2.487, imeshakuwa kumbukumbu yako ya bure. Inataka zaidi ya miliampia 1 muda wote, na usiiwekee kapasita ovyo, zipo thamani zinazoifanya iyumbe. Kabla hujaing'oa kwenye chaja hakikisha kapasita kubwa imeisha chaji, ile inakaa na volti 300 na ushee na haisahau haraka.

Kuna pia zile bodi za AD584 zinazouzwa mtandaoni, zinatoa 2.5, 5, 7.5 na 10 kwa kuhamisha jampa, zinakuja na kikaratasi kilichoandikwa namba kwa mkono. Chipu ni nzuri, ila nyingi zimeng'olewa kwenye mashine za zamani na hicho kikaratasi hujui nani kakiandika. Ninayo moja. Naitumia kama shahidi wa pili: ikikubaliana na boksi langu nalala, ikipishana naanza kutafuta. Kumbuka tu kwenye volti 10 inahitaji angalau 12.5 kuingia, ukiilisha adapta ya 12 iliyochoka itakudanganya bila aibu.

Kila mwezi tarehe za mwanzo napima mita zote kwa boksi, namba naziandika nyuma ya daftari la wateja. Ile ya njano ilianza 10.01, imekaa 10.01 miezi mitano, mwezi wa sita ikasoma 10.06. Sikugusa trima. Nilibadilisha betri, ikarudi 10.01.

Betri za boksi lenyewe zipime pia siku hiyo hiyo huku umebonyeza swichi, zikishuka chini ya 15 kwa pamoja toa. Na ukijua hutalitumia miezi, zichomoe kabisa, mimi moja ilivuja ikala kishikio cha betri na waya wa negativu, nikawa napata 9.97 kwa wiki nzima kabla sijafungua kopo.